Mnavukaje ziwa lililoganda? Nimejibu, msiniulize tena

Watu wangu wa Nairobi, hamjambo. Swali hili limenifuata tangu ile video ya watu wakivua samaki juu ya barafu: huku Minnesota, Marekani, watu wanatembeaje juu ya ziwa na hawazami? Najua nikijibu kuna atakayesema najionyesha na theluji, na mwingine atasema nimeanza tena kulia na ughaibuni. Semeni tu. Najibu kwa sababu kila Januari wanashuka wanafunzi wapya, na jambo la kwanza wanalotaka ni picha katikati ya ziwa ya kutuma nyumbani.

Habari ya maji kuganda juu na chini yakabaki maji mlifundishwa shuleni, siirudii. Ila nyinyi mliowahi kuteleza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, ile isahauni. Chini ya ile kulikuwa na sakafu.

Barafu hupimwa, haikadiriwi kwa macho. Idara ya Maliasili ya Minnesota inasema ikiwa chini ya inchi 4 usikanyage. Hizo inchi 4, yaani sentimita 10, ni za barafu mpya, ngumu, inayoonyesha maji meusi chini yake, na ni za mtu wa miguu tu. Pikipiki ya theluji inataka 5 hadi 7. Ikiwa nyeupe, ile iliyoganda pamoja na theluji, nguvu yake ni nusu, kwa hivyo zidisha unene mara mbili. Ya kijivu ina maji ndani yake. Hiyo achana nayo hata ikiwa nene.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Unashika mtaimbo wenye ncha kali, unaanzia ukingoni, unapiga kwa nguvu mbele yako kabla ya kuweka mguu. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi kwa nyayo zako zilezile. Ukigoma, toboa kwa keekee, ingiza futi ya kupimia yenye kindoano mpaka ishike ukingo wa chini, usome. Halafu rudia kila baada ya futi 150 hivi, kwa maana ziwa haligandi sawasawa. Mto unapoingia na unapotokea, chini ya daraja, kwenye chemchemi, kando ya matete na mawe, hapo barafu huwa nyembamba hata kama hatua kumi nyuma ilikuwa futi nzima. Na wenye gati huwasha mashine za kupuliza mapovu ili nguzo zao zisivunjwe na barafu. Karibu na hizo usisogee. Theluji nayo huzuia baridi isifike kwenye barafu, kwa hivyo barafu haiongezeki unene, na juu yake inaficha nyufa.

Nyayo za watu si ushahidi. Sisi tumezoea: tukiona foleni tunaifuata, maswali baadaye. Aliyepita jana alipita kwenye barafu ya jana. Afadhali uulize kwenye duka la chambo lililo karibu. Wale wanaijua hali ya ziwa lao wiki kwa wiki. Lakini hata wao hawakupi hati ya dhamana, na hakuna ofisi inayotoa.

Vifaa. Kuna vishikio viwili vyenye misumari, vimeunganishwa kwa kamba, huvaliwa shingoni NJE ya jaketi. Bei haifiki dola 20, na bado nasikia watu wakilalamika ni ghali, watu wenye viatu vya dola 180. Jaketi la kuokoa maisha livae juu ya koti. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, filimbi, kamba ya kurusha. Msitembee mmekaribiana, na usiende peke yako.

Ukitumbukia, Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ana hesabu yake: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, kwa sababu maji hayo yanakufanya uheme ovyo na ukihema kichwa kikiwa chini, umekunywa ziwa. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Kisha saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Kwa hiyo geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ile ilikubeba. Weka mikono juu, choma misumari, piga miguu nyuma kama mwogeleaji mpaka mwili ulale, ujivute. Ukitoka USISIMAME. Bingirika kurudi njia uliyojia. Ukishindwa kutoka, laza mikono juu ya barafu utulie. Nguo zikiganda hapo zitakushikilia ukizimia.

Anayeokoa asikimbilie shimo, tutazika wawili. Piga 911, namba ya dharura ya huku, lala kifudifudi, rusha kamba au sukuma tawi. Akitoka, mvue nguo zilizolowa, mfunike, pasha kifua joto kwanza, usimsugue mikono na miguu. Pombe hapana. Inapanua mishipa ya ngozini na joto linatoka.

Sasa pesa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Gari la wagonjwa huku ni bili. Gari lako likizama, sheria ya Minnesota inakupa siku 30 kulitoa, na ukichelewa serikali inaweza kulitoa yenyewe ikakudai mara kadhaa ya gharama. Na mtu akifa tunajua kinachofuata: kundi la WhatsApp, cheti cha kifo, vibali, karatasi za ubalozi, nauli ya jeneza. Halafu mnaniandikia kwamba sisi wa huku tuna roho ngumu tukiulizwa mchango. Mchango wa pili ndani ya mwezi mmoja, jamani.

Haya ni ya huku na ya kwangu. Wewe uliye Kanada au Ufini fuata ya idara za kwenu. Wengine wanataka unene zaidi. Uzito wako unaujua wewe.

Na wewe unayeuliza kama binamu yako anaweza kukatiza ziwani mwishoni mwa Machi kufupisha njia ya kazini: hapana. Majira hayo jua limeshaipasua barafu kuwa vijiti vilivyosimama wima, inaweza kuwa futi nzima na isimbebe. Mwambie apande basi.