Mbwa Wangu Omena na Kamba ya Futi 6

Haya familia, mambo? Niko Brooklyn, ndani ya Prospect Park, saa mbili na nusu asubuhi, nimetoka kazi ya usiku na sijalala. Mama, huo moshi mdomoni si sigara, ni baridi. Na huyo anayekata mbio kule nyuma ndiye Omena. Ndiyo, nimempa mbwa jina la samaki. Nilipomchukua alikuwa mwembamba, macho yamemtoka, ningemwitaje?

Ndugu yangu wa Nyalenda aliniuliza juzi: "Huko si mbwa lazima afungwe kamba? Mbona wako anazurura kama wa kwetu?" Amenishika pabaya, kwa hivyo wacha nieleze. Hapa New York, barabarani na mahali pa umma mbwa anatembea na kamba, na hiyo kamba isizidi futi 6. Lakini bustani kubwa kama hii ina sehemu zake ambapo unaruhusiwa kumwachilia, tangu asubuhi inapofunguliwa hadi saa tatu, halafu tena kuanzia saa tatu usiku mpaka inapofungwa. Awe na leseni ya jiji (mbwa ana leseni, msicheke) na awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Saa tatu ikifika, kamba. Mwaka jana nilizubaa kwenye simu mpaka saa tatu na dakika ishirini, askari wa bustani akaja na karatasi yake ya faini. Kiasi sitaji. Ila yule aliyeniomba pesa za mabati mwezi ule akaona kimya, sasa ameelewa.

Kumfungulia mbwa ni kazi ya sekunde moja. Kumrudisha ndio shughuli. Mimi mwanzoni nilikuwa namwita akiwa katikati ya mchezo, anakuja, namfunga, tunaenda nyumbani. Baada ya wiki mbili "njoo" ikawa maana yake sherehe imeisha. Nikiita ananitazama, anageuka, anaenda zake. Mzee mmoja wa hapa, anakuja kila asubuhi na mbwa wake kipofu, akaniambia: mwite mara kumi, mfunge mara moja. Nikanunua kamba ya mita 10, nikaiacha iburute kwenye nyasi, akikaidi nakanyaga ncha. Mfukoni nikaweka kuku wa kuchemsha, vipande vidogo kama punje za mahindi. Akija, kuku, halafu anaachiliwa tena. Akichelewa, kuku. Akija amejigaragaza kwenye mavi ya bata, bado kuku. Hiyo ya mwisho ilinishinda kwa muda, maana sisi tumekua tukimwita mbwa huku fimbo iko nyuma ya mgongo.

Ngoja muone. Omena! Njoo! ... Mmeona? Amemwacha yule mbwa mweupe katikati ya mbio. Shika. Haya, nenda. Na kuna Mmarekani hapa naye siku hizi anamwita wake "njoo". Sijui nimdai pesa.

Sasa turudi Ahero kwa Dani, nyanya yetu. Simba, mbwa wake, mchana kutwa yuko kwenye mnyororo chini ya mwembe, usiku anafunguliwa abweke. Hajawahi kutembezwa hata hadi dukani. Watu wa chanjo walipokuja uwanja wa shule, vijana watatu walimfunga kamba ya katani wakamvuta kama fahali. Kufika barabarani akachomoa shingo, akapotelea kwenye mashamba ya mpunga. Alirudi usiku, bila chanjo. Na si Simba peke yake, karibu kila boma lina Simba wake. Binadamu wanaopata kichaa cha mbwa, karibu asilimia 99 wameambukizwa na mbwa. Kenya ilipanga tangu 2014 kwamba ifikapo 2030 tuwe tumeumaliza ugonjwa huo, na ili hilo liwezekane asilimia 70 ya mbwa lazima wachanjwe. Utamchanja vipi mbwa aliye ndani ya mpunga?

Na akikuuma, usipake majani wala mafuta ya taa. Osha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo bro uliye hapo kwa Dani, hii ni yako. Leo jioni mvishe Simba kamba hapo hapo bomani, usimvute, mwache aiburute akizoee kitu hicho. Mwite, mpe kichwa cha omena, mwache aende. Dakika tano tu, kila siku. Watu wa chanjo wakirudi mtaenda naye mkitembea, na Dani hatatuma watoto kumtafuta usiku.

Saa tatu kasoro robo, wacha nimfunge kabla askari hajatokea. Omena! ... Njoo! ... Omena, njoo! ... Aisee, ameona kindi. Ngojeni kidogo, shikilieni hapo, naja.