Karatasi zikigombana: kumtafuta babu wa Kiairishi mwenye majina matatu

Habarini za jioni jamani, na wazee wetu mliofika shikamooni. Mada niliyopewa ni ya kutafuta ukoo Ayalandi, maana wengi humu mmeoa au mmeolewa huko, watoto wamekua wanauliza upande wa bibi ulitokea wapi, na ukifungua bahasha ya mama mkwe unakuta cheti cha kifo kinasema Smith, cha ndoa kinasema McGowan, na nyuma ya picha kuna mtu kaandika Gowan kwa penseli. Hapo wengi wanafanya kitu kimoja, wanachagua jina wanalolipenda na yale mengine wanayaita makosa ya karani. Mi nasema usichague kwanza. Ziweke zote mezani halafu uulize nani alitoa habari, nani alishika kalamu, na huyo aliyesema alikuwa anapata nini kwa kusema hivyo.

Na hii siyo ngeni kwetu, cheti cha shule kina jina la baba, kitambulisho kina jina la babu, paspoti imeongeza la ukoo, mtu ni yule yule. Tofauti ni kwamba wewe ukiulizwa upo, unajieleza. Babu wa Cavan, kaunti moja huko Ayalandi, alishakufa.

Haya tuanze na huyo Smith. Kwa Kiairishi ni Mac Gabhann, mtoto wa mhunzi, na utawala wa Mwingereza ulipotaka majina ya Kiingereza watu wa Cavan wengi wakawa Smith, wenzao wa kaunti za Leitrim na Donegal wakabaki McGowan, kwa hiyo unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja mmoja kaondoka na jina hili mwingine na lile. Na hizo tafsiri zingine zilikuwa za kubahatisha tu, Galway kuna ukoo wa Mac Conraoi waligeuzwa King kwa sababu mwisho wa jina ulisikika kama neno la Kiairishi la mfalme, basi, hakuna ufalme wowote pale.

Halafu kuna hili la O na Mac zinazotangulia jina la ukoo, O ni mjukuu wa fulani, Mac ni mtoto wa fulani. Karne ya 17 na ya 18, chini ya Mwingereza, watu walizidondosha, mtu akabaki Sullivan, Grady, Kearney. Ilipokuja ile harakati ya kufufua lugha, Gaelic League ya 1893, watu wakaanza kuzirudisha, ndo maana baba ni Sullivan kwenye ndoa ya 1870 na mtoto wake ni O'Sullivan kwenye sensa ya 1911, na kuna waliojaza sensa ile kwa Kiairishi kabisa wakati 1901 nyumba ile ile ilijaza Kiingereza. Wengine walirudisha isiyo yao! Gorman wa Clare asili yao ni Mac, wengi waliporudisha wakaweka O. Obama alipoenda Ayalandi Mei 2011, maana babu wa mama yake huko nyuma, Falmouth Kearney, alitoka kijiji cha Moneygall, alitania kwamba amekuja kuitafuta ile apostrofi, kile kialama cha O', waliyoipoteza njiani. Watu walicheka ila kwa sisi tunaopekua haya mambo ile apostrofi ni kazi ya wiki nzima.

Sasa mnajua kwa nini Ayalandi ni ngumu kuliko Uingereza? Moto. Tarehe 30 Juni 1922, vita ya wenyewe kwa wenyewe, jengo la mahakama la Four Courts pale Dublin lilipolipuka hifadhi ya nyaraka iliyokuwa humo iliungua, sensa za 1821 mpaka 1851 karibu zote zikaenda, na vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya Waanglikana zaidi ya nusu. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilishazitupa mapema, za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia kwa kukosa karatasi. Kwa hiyo sensa nzima za kabla ya moto ule mnazozipata ni ya 1901 na ya 1911, ziko bure mtandaoni. Vitabu vya Wakatoliki vilipona kwa sababu vilikuwa vinakaa parokiani, na Maktaba ya Taifa iliviweka mtandaoni 2015, vingi vinaishia kama 1880 hivi. Rekodi za serikali za vizazi, ndoa na vifo zinaanza 1864 kwa watu wote, ila ndoa za wasio Wakatoliki zilianza 1845.

Halafu kuna kitu kimoja mi nakipenda sana. Januari 1909 ilianza pensheni ya wazee, mpaka shilingi tano kwa wiki, lazima uwe na miaka 70, na wazee wengi hawakuwa na cheti kwa sababu walizaliwa kabla ya 1864. Basi wakawa wanaomba watafutiwe kwenye sensa ya 1841 au 1851, karani anafungua kitabu, anaandika kwenye fomu alichokiona. Vitabu vikaungua, fomu zikabaki. Na kwa bibi aliyeolewa fomu ni dhahabu tupu, maana ili wamtafute utotoni ilibidi aseme majina ya baba na mama yake na walikokuwa wanaishi, kwa hiyo jina la ndoa na jina la kwao yako karatasi moja. Hiyo pensheni pia ndo inaeleza kwa nini kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 kuna watu wameongeza miaka 15. Ndo ile niliyosema, alikuwa anapata nini.

Mfano mkubwa nataka niwape ni Éamon de Valera, aliyekuja kuwa waziri mkuu na baadae rais wa Ayalandi, nyaraka zake zimechimbwa na kila mtu. Alizaliwa New York Oktoba 1882, mama yake Catherine Coll mtu wa Bruree huko Limerick. Cheti cha kwanza kinasema George De Valero. Kanisani akabatizwa Edward. Mwaka 1910 kikatolewa cheti kingine, Edward de Valera. Katikati hapo mtoto alikuwa ameshapelekwa Ayalandi na mjomba wake 1885, akalelewa kwa bibi Bruree, kijijini wakawa wanamwita Eddie Coll, kwa jina la upande wa mama, maana ndo nyumba aliyokaa. Baadae akajiita Éamon kwa Kiairishi. Na rekodi ya ndoa ya wazazi wake watu wameitafuta mpaka wamechoka. Sasa hebu fikiria huyu angekuwa fundi viatu tu asiyejulikana, mjukuu wake leo anakuja na De Valero, Coll na de Valera mkononi, wangapi wangemwambia hao ni watu watatu? Kinachomshika ni mama na kijiji. Catherine Coll wa Bruree yupo kila unapogeuka.

Ndo mbinu yenyewe hiyo, jina liache litembee, wewe mshike mama na mahali. Kwenye ubatizo wa Kikatoliki mama anaandikwa kwa jina la kwao, kwa hiyo kama Smith na McGowan wote wana mke Bridget Reilly na wanakaa kitongoji kimoja, umeshapata jibu. Na mahali siyo kaunti tu, mtu akikwambia Cork hajakwambia kitu, unataka kitongoji, kile kipande kidogo cha ardhi chenye jina lake, Ayalandi nzima viko zaidi ya 60,000. Angalia wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa, mara nyingi ni shangazi na mashemeji. Kwa waliokwenda Marekani, kuna benki ya wahamiaji New York ilianzishwa 1850, Emigrant Savings Bank, wateja wengi walikuwa hawajui kuandika kwa hiyo benki ikawa inaandika parokia, meli, jina la mama, ndugu zake, ili akija kuchukua hela wamuulize maswali. Yaani ile kumtambua mteja imekuwa ukoo mzima.

Kuna dada pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, si maafisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndo walibadilisha majina? Hapana. Wale walikuwa wanasoma orodha iliyokuja na meli, imeandikwa kule kule bandari ya kuondokea. Wengi walibadilisha wenyewe baadae, kazini, shuleni kwa watoto, kwa bosi asiyeweza kutamka.

Na kinyume chake pia kinatokea, jina moja watu wawili. Annie Moore wa Cork, mtu wa kwanza kupita Ellis Island Januari 1, 1892, kwa miaka mingi alisifiwa Annie Moore wa Texas, mpaka 2006 ikaonekana yule wa Texas alizaliwa Illinois, na Annie mwenyewe aliishi na kufa New York. Majina yalifanana herufi kwa herufi, hakuna aliyeangalia alizaliwa wapi.

Swali la mzee hapa mbele: kwenye mti wa ukoo niandike Smith au McGowan? Mzee wangu, andika yote mawili, kila moja na mwaka wake na karatasi iliyolitaja, usinyooshe. Mjukuu wako siku akipata karatasi ya nne yenye Gowan ajue pa kuibandika. Haya, mwingine, yule mama wa kilemba cha bluu, karibu.