Duka la mikanda mtaani: mkanda uliliwaje, na uliobaki uokolewe vipi

Asalaam aleikum, na wazee wangu shikamooni. Vijana mliokaa nyuma, sogeeni, maana leo tutafungua kaseti hapa mezani.

Runinga ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na mawimbi yake hayakufika Kigoma siku hiyohiyo. Picha ilikuja huku ikiwa ndani ya kaseti, kwa reli ya kati au kwa boti ziwani, ikaishia kwenye kabati la duka la mikanda. Mwenye duka alikuwa na daftari, deki mbili na bisibisi. Watu wanakumbuka daftari kwa sababu ya faini ya kutoriwaindi. Mimi nasema kilicholiweka duka hai ni bisibisi.

Tuanze na mkanda wenyewe. Kaseti ya VHS, aina iliyotumika dukani, ya E-180 ina utepe wenye upana wa milimita 12.7 na urefu wa takriban mita 258. Unatembea milimita 23 na ushei kwa sekunde, ndiyo maana unatosha saa 3. Ugomvi wa dukani ulizaliwa hapo: filamu ya Kihindi ikivuka saa 3, mkanda unaisha stelingi hajalipiza kisasi. Wajanja wakahamia E-240. Lakini ili utepe mrefu uenee kwenye kaseti ileile, lazima uwe mwembamba, na mwembamba ndio unaoliwa kwanza.

Kuliwa kunatokeaje? Ukibonyeza kucheza, nguzo mbili ndogo huuvuta utepe nje ya kaseti na kuuzungushia kwenye dramu ya hedi, silinda inayosoma picha, ambayo kwa mfumo wetu wa picha wa PAL huzunguka mara 25 kwa sekunde. Roli ya mpira inausukuma utepe mbele, na gurudumu la kulia linaukusanya. Mpira unaoendesha gurudumu hilo ukizeeka au ukishika mafuta, gurudumu linateleza, wakati roli inaendelea kusukuma. Utepe unakosa pa kwenda, unajikunja tumboni mwa deki. Mteja atalaumiwa bure. Chanzo ni mpira wa bei ndogo ambao hakuna aliyeubadilisha.

Umeme nao. Kwa miaka mingi Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa, tulitegemea majenereta ya dizeli, na ukikatika katikati ya filamu utepe unabaki umezungushiwa dramu. Wengi waliutoa kwa nguvu, na hilo ndilo kosa. Chomoa waya ukutani. Umeme ukirudi na kutulia, washa, bonyeza kusimamisha, kisha kutoa. Ikigoma, chomoa tena, fungua kifuniko, zungusha kwa kidole gia ya mota inayopakia mkanda, polepole, mpaka nguzo zirudi mahali pake, halafu kusanya utepe uliolegea kwa kuzungusha gurudumu la kaseti. Msiifanye kazi hii juani. Mwanzo na mwisho wa utepe kuna kipande kinachopitisha mwanga, na deki hutambua mwisho wa mkanda kwa mwanga unaopenya hapo. Jua likiingia, deki inadhani mkanda umeisha na inasimama kila ukiiwasha. Mafundi wengine wameshabadilisha vipuri vizima kwa kudanganywa na jua.

Utepe ukiliwa, angalia ukingo gani umeumia. Sauti ya kawaida imeandikwa ukingo wa juu; ukingo wa chini una alama zinazoiongoza deki. Juu pakikunjamana, sauti inafifia na picha iko salama. Chini pakikunjamana, picha inayumba na kujaa chenga hata ukirekebisha treki, kile kitufe cha kutuliza picha, mpaka uchoke.

Jambo moja liliwatesa watu wa Kigoma kuliko wa Dar es Salaam. Kongo na Burundi walitumia SECAM, mfumo mwingine wa picha za rangi, sisi PAL. Mkanda wa dansi uliorekodiwa Uvira au Bujumbura, kwenye deki ya PAL pekee, ulicheza vizuri, sauti safi, lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mteja alirudisha akidai kauziwa kitu kibovu. Mkanda ulikuwa mzima. Ulihitaji deki na runinga ya mifumo mingi. Ule wa Marekani, wa mfumo wa NTSC, ulikuwa na dalili tofauti: picha haitulii.

Kuhusu usafi, msitumie pamba kwenye hedi. Nyuzi zake hunasa na kuvunja ncha. Lowesha karatasi laini lakini imara kwa spiriti safi ya isopropili, iegemeze kwenye dramu bila kuisogeza, halafu zungusha dramu kwa mkono. Kamwe usisugue juu na chini.

Sasa, mikanda ya harusi, zikiwemo za wazee, iliyomo kabatini. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo deki nzima ni ya kutunzwa. Chungulia kidirisha cha kaseti: ukiona unga mweupe kwenye utepe, ni ukungu, usiuchomeke kwenye deki yoyote, maana hedi itaupaka kwenye mikanda mingine. Ulio safi, upeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe wote kwanza, ili utepe ujipange upya. Kisha unganisha deki na kompyuta kwa kifaa cha kunasa video, unakili mkanda. Hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa 3 huchukua saa 3. Kwa ubora wa DVD, tenga kama GB 2 hadi 3 kwa kila saa, na nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine. Mlioleta mikanda leo, wekeni yenye ukungu kwenye meza ya mlangoni, isichanganywe na hii hapa.