Diski Haijafa, Msiifute

Ndugu zangu, haya nimeyasema sana na leo nayarudia. Kompyuta ya Linux yenye diski iliyofungwa kwa LUKS, yaani mfumo wa kusimba data kwa nywila, ikigoma kuwaka, usikimbilie kusakinisha upya. Ufunguo halisi wa data umehifadhiwa kwenye kichwa cha LUKS, mwanzoni mwa sehemu ya diski iliyofungwa. Nywila yako kazi yake ni kuufungua ufunguo huo tu. Ukikifuta kichwa, nywila unayo na data huna.

Binti mmoja aliniletea kompyuta yenye tasnifu yake. Alisasisha Ubuntu, aina ya Linux, akaiwasha, ikakwama kwenye initramfs, yaani mfumo mdogo unaotangulia kuwaka na kuifungua diski, ikidai UUID, namba ya utambulisho ya diski, haipo. Mkononi ana flashi ya kusakinishia Ubuntu, jamaa kamshauri asakinishe upya. Nikamwambia, mwanangu, hebu ngoja. Tukaiwasha kwa flashi ile ile, tukachagua kujaribu, si kusakinisha. Tukaandika blkid, amri ya kuzitambua diski, diski ikajitaja: crypto_LUKS. Basi iko hai! Tukaifungua kwa cryptsetup, programu ya kushughulikia LUKS, nywila ikakubali. Tukaingia ndani ya mfumo wake kwa amri ya chroot, tukaandika update-initramfs -u -k all ili kuitengeneza upya initramfs, tukawasha tena. Ikagoma vile vile.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Wakati wa kuifungua tuliipa diski jina la kubuni, na ndani ya /etc/crypttab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa, limeandikwa jina jingine. Majina yasipolingana, initramfs mpya inaweza kutengenezwa bila maelezo ya kuifungua diski. Tukarudia kazi yote kwa jina lile lile la crypttab, herufi kwa herufi. Ikawaka, ikaomba nywila. Binti alilia.

Najua mtu ataniuliza, “Mwalimu, yangu inaomba nywila ila inaikataa.” Tazama kibodi! Kompyuta nyingi za mitumba kutoka Uingereza zina @ na alama ya kunukuu zilizobadilishana nafasi, na mfumo unapoanza huenda unasoma kibodi ya Kimarekani. Jaribu hilo kwanza kabla hujajilaumu kuwa umesahau.

Sababu nyingine ya kugoma: /boot, sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia, ikijaa, kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, hukosa initramfs iliyokamilika. Chagua kerneli ya zamani kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, kisha upunguze zilizorundikana. 

Ila hamtoki bila hili: cryptsetup luksHeaderBackup, amri ya kuhifadhi nakala ya kichwa cha LUKS. Faili lake kwa LUKS2, toleo la pili la LUKS, kwa kawaida ni kama megabaiti 16 tu. Nalo usiliweke ndani ya diski hiyo hiyo, nawaombeni. Wenye flashi sogeeni mbele, tuanze sasa hivi.