Dodoso, Darasa na Saini: Mafunzo ya Utafiti kwa Madaktari wa Vijana Balehe

Walimu wangu, na ninyi madaktari mnaoandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili, karibuni.

Tuanzie Mwanza. Utafiti wa MEMA kwa Vijana, uliopima mradi wa elimu na huduma za afya ya uzazi kwa vijana, ulianza mwaka 1998 katika jamii 20 za vijijini, ukaandikisha vijana 9,645. Matokeo yalipopimwa, vijana waliofikiwa na mradi walijua mengi zaidi kuhusu VVU na magonjwa ya zinaa, na baadhi walieleza kuwa tabia zao zimebadilika. Lakini maambukizi ya VVU na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua. Na wapo wasichana waliosema hawajawahi kujamiiana, ilhali vipimo vilionyesha ujauzito au maambukizi.

Msiwaite waongo. Binti anaulizwa jambo la aibu na mtu mzima asiyemjua, shuleni kwao, rafiki zake wakiwa mlango wa pili. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Ndiyo maana nawasihi: kabla hujagusa programu ya takwimu, kaa na dodoso lako. Chukua swali la kawaida kabisa, "Umewahi kufanya mapenzi?" Binti wa miaka 14 aliyelazimishwa atajibu hapana, na kwake hilo ni jibu la kweli, maana mapenzi hayakuwepo. Ukiandika "kujamiiana", wa miaka 11 huenda asilielewe neno lenyewe. Kwa hiyo aliyelazimishwa awe na swali lake peke yake, kwa maneno ya vijana wa eneo hilo. Watu wawili watafsiri dodoso kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kila mmoja kivyake, wa tatu asiyeliona la Kiingereza alirudishe Kiingereza, kisha kaa na vijana 8 hadi 10, mmoja mmoja: "Swali hili umelielewaje?" Wa miaka 10 hadi 14 wasichanganywe na wa 15 hadi 19.

Sasa sampuli, panapoangusha maandiko mengi. Ile sampuli ya watu 384 mnayoipenda hutokana na makadirio ya asilimia 50 na ukingo wa kosa, yaani jibu linavyoweza kupotoka juu au chini, wa asilimia 5, watu wakiwa wamechaguliwa mmoja mmoja. Wewe unachagua shule. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, mtaa mmoja, uvumi mmoja. Majibu yao yanafanana. Tuseme kiwango cha kufanana ni 0.05, nawe unachukua 40 kila shule: 39 mara 0.05, ongeza 1, unapata 2.95. Zidisha kwa 384: unahitaji wanafunzi 1,133, sawa na shule 29. Ukichukua 20 kila shule, kizidisho ni 1.95, nao wanatosha 749, ila shule zinakuwa 38. Watoto wachache, nauli nyingi. Bajeti iamue mapema, na hapo bado hujaongeza asilimia 10 ya watakaokataa.

Kuhusu ridhaa, kuna mkanganyiko. Tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Hiyo ni ruhusa ya kupata huduma. Kwenye utafiti, aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi wake hutia saini, na kijana mwenyewe huulizwa kama anakubali, isipokuwa kamati ya maadili imeridhia vinginevyo. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, basi imekwisha, usimbembeleze.

Tena, kabla ya mahojiano ya kwanza uwe na jina na simu ya afisa ustawi wa jamii na ya dawati la jinsia na watoto la polisi wa eneo hilo. Na mhojaji aseme hivi kabla ya swali la kwanza, kwa sababu kijana akishasema siri yake ni kuchelewa: "Majibu yako sitampa mzazi wala mwalimu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi nitafute wa kukusaidia, na nitakuambia kwanza ni nani."