Gemu za Windows kwenye laptopu ya mtumba: tunapiga Linux Mint hatua kwa hatua

Wadau, habari zenu. Nipo dukani kwangu hapa Majengo, Dodoma, na huo mnaousikia ni upepo, msidhani maiki imeharibika. Mdogo wangu ndiye ameshika kamera. Sogea kidogo, dogo, waone stika ya chini. Hapo hapo.

Hii ni Dell Latitude E7470. Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD GB 256. Windows 11 inataka Intel ya kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo hii haimo kwenye orodha yao. Windows 10 nayo, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo watu wananiletea mashine za namna hii wakitaka niwanunulie kama vipuri. Vipuri! Mashine nzima, kioo kizima, kibodi nzima. Leo nawaonyesha inacheza gemu, tena gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows, na video hii nimeitaka mwenyewe kwa sababu nimechoka kuona laptopu nzuri zinapasuliwa.

Tuanze. Unahitaji flashi yenye Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Faili lake linakaribia GB 3, unalishusha bure kwenye tovuti yao, unaliandika kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher. Asiye na bando aje dukani, flashi iliyokwisha kuandikwa ni elfu 15. Unalipia flashi, Mint yenyewe haiuzwi. Chomeka, washa, gonga F12, chagua USB. Kwa waliowahi kupiga Windows hapa hakuna jipya: lugha, wifi, jina, neno la siri. Ikikuuliza kuhusu kufuta diski, hakikisha picha zako umezihamisha kwanza. Dakika kama 15 hivi, tunaruka.

Imewaka. Fungua Software Manager, andika Steam, yaani duka la gemu la mtandaoni. Zinakuja mbili. Moja imeandikwa System Package, nyingine Flatpak. Chukua System Package. Ile ya Flatpak inafungiwa kwenye chumba chake, haioni diski za nje mpaka uipe ruhusa, na leo tunatumia diski ya nje.

Sasa hapa naomba mnisikilize. Dogo, kamera kwenye diski.

Hii ni diski ya nje ya GB 500, imetoka kwenye Windows, kwa hiyo imepangwa kwa NTFS, mpangilio wa diski wa Windows. Ukiichomeka, Mint inaifungua. Ukiiambia Steam iweke gemu humu, inakubali bila kulalamika. Gemu inaweza hata kuwaka. Usifanye. Narudia, maktaba ya Steam ya Linux usiiweke kwenye diski ya NTFS.

Sababu yake ni hii. Gemu ya Windows inapowaka kwenye Linux, Steam inaitengenezea folda inayoitwa compatdata, na ndani yake kuna Windows ya kuigiza, ili gemu ijione ipo nyumbani. Humo kuna vitu vyenye majina kama c: na z:, yaani herufi na nukta mbili. Windows hairuhusu kabisa nukta mbili kwenye jina la faili. Siku ukirudisha diski kwenye mashine ya Windows, ikaikagua, itaona hayo ni makosa na itayasafisha. Inasafisha pamoja na hatua zako zote ulizofika kwenye gemu.

Hili lilinitokea na diski ya mteja. Mzee mmoja mwalimu, mwanawe alikuwa amecheza miezi mitatu. Bando la kushusha gemu upya nililipa mimi. Zile hatua za mtoto sikuweza kumrudishia, na mpaka leo nikimwona yule mwalimu sokoni nalifikiria hilo. Ndiyo maana nasema tena: si NTFS.

Fanya hivi. Kila kilichomo kwenye diski kihamishie kwingine. Fungua programu ya Disks. Upande wa kushoto zipo diski mbili, soma ukubwa kabla hujagusa chochote. Hii ya GB 256 ni ya ndani, ina Mint tuliyoipiga sasa hivi. Hii ya 500 ndiyo yetu. Nimeweka kidole kwenye 500, mnaona? Format, chagua Ext4, mpangilio wa Linux, ipe jina. Mimi naita Gemu. Bofya, subiri, tayari. Umesoma ukubwa? Soma tena.

Rudi kwenye Steam, Settings, Storage, ongeza diski ya Gemu. Imekubali.

Wakati inashusha niwaambie kinachofanyika, kwa sababu wengi wanadhani huu ni uchawi au gemu za wizi. Kuna programu inaitwa Wine, ilianza 1993, kazi yake ni kupokea maombi ya programu ya Windows na kuyajibu kwa njia ya Linux. Kwa programu za ofisi ilisaidia, kwa gemu ilikuwa inasumbua kwenye picha. Kisha akaja Philip Rebohle na DXVK. Alikuwa anataka kucheza Nier: Automata kwenye Linux, basi akaandika kitu kinachochukua lugha ya picha ya Windows, DirectX 11, na kuigeuza kuwa Vulkan, ambayo kadi za picha kwenye Linux zinaielewa. Valve, wenye Steam, wakamlipa aendelee. Agosti 2018 wakafungasha Wine, DXVK na vingine pamoja ndani ya Steam, wakaita Proton. Mwisho wa 2019 DXVK ikaongezewa DirectX 9, na hiyo ndiyo habari njema kwa laptopu kama hii, maana gemu nyingi nyepesi za zamani zimo humo.

Gemu yetu ni Ultra Street Fighter IV. Mliokulia kwenye vibanda vya gemu mnaijua familia hii. Toleo la Linux halipo. Bofya kulia, Properties, Compatibility, weka tiki, chagua toleo la Proton lenye namba kubwa ambalo halijaandikwa Experimental. Siku hizi Steam inachagua yenyewe, ila mimi napenda kuchagua kwa mkono wangu, nikijua nimeweka nini.

Halafu kwenye General, kwenye kisanduku cha Launch Options, andika:

gamemoderun mangohud %command%

Hizo mbili za mwanzo unazipata kwa kufungua Terminal na kuandika sudo apt install gamemode mangohud. Ya kwanza inaiambia mashine ikaze, ya pili inaonyesha fremu, yaani picha kwa sekunde, na joto kwenye kona ya kioo. Hiyo alama ya asilimia ipo mbele na nyuma ya command. Ukisahau moja gemu haiwaki.

Cheza. Kioo cheusi, usishtuke, mara ya kwanza inajipanga. Hiyo hapo! Fremu 60, picha nimeweka chini kwenye 720. Pedi ya waya nimechomeka, imesomwa bila draiva yoyote.

Subiri. Fremu zinashuka. 60, 48, 31... Angalieni kona ile, joto limepanda nyuzi 97. Hili halikuwa kwenye mpango, lakini msikate, dogo, endelea kurekodi. Nazima.

Nimefungua mfuniko wa chini. Mnaona feni? Hili ni vumbi la Dodoma, limeshikana kama blanketi. Watu wanasema Linux imeganda, kumbe laptopu haipumui. Kuanzia Juni mpaka mvua zinaponyesha, kama unaishi Nkuhungu au Ng'ong'ona na dirisha lako linatazama barabara ya vumbi, safisha feni kila baada ya miezi miwili. Brashi laini, na feni uishike kwa kidole isizunguke. Tunafunga. Tunawasha. 60, joto 78, na haishuki.

Sasa bando. Steam inashusha faili za shader, maandalizi ya picha za gemu, kila mara na zinakula. Settings, Downloads, zima Shader Pre-caching. Gemu itajikwaa kidogo dakika za mwanzo, mimi nakubali hilo kuliko bando kuisha. Na wanafunzi wa UDOM, sikilizeni hii: tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta kugawiana gemu kwa mtandao wa ndani. Mmoja ashushe kwa bando la usiku, wengine chumbani wanavuta kutoka kwake kupitia wifi ile ile. Kila mtu awe na gemu hiyo kwenye akaunti yake, basi.

Wapenzi wa mpira, nanyi niwaambie ukweli kabla hamjatoa hela. FIFA 23 na FC zilizofuata hazichezeki kwenye Linux. Si suala la nguvu ya mashine. Zina mlinzi wa kuzuia udanganyifu anayetaka kukaa ndani kabisa ya Windows, na Proton haina pa kumkalisha. Valorant hivyo hivyo. Fortnite nayo haichezeki. Apex Legends ilikuwa inacheza, mwaka 2024 wenyewe wakaifungia Linux. Hilo linaniumiza, kwa sababu walinzi wengine wa udanganyifu, Easy Anti-Cheat na BattlEye, wote wana njia ya kufanya kazi na Proton. Kinachobaki ni mwenye gemu kukubali. Kila ukitaka kununua gemu, ingia tovuti ya ProtonDB kwanza, usome waliocheza wanasemaje. Wiki iliyopita kijana alitaka laptopu hii hii kwa ajili ya FC, nikamwambia hapana, chukua ya kizazi cha 8 yenye Windows.

Lakini namba zinasogea. Valve walijaribu Steam Machine, kompyuta ya gemu, mwaka 2015 ikashindwa, maana gemu za Linux zilikuwa chache. Baada ya Proton wakatoa Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi, Februari 2022, inatumia Linux. Oktoba 2025 watumiaji wa Linux kwenye takwimu za Steam walivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza, na Novemba Valve wakatangaza Steam Machine mpya. Watumiaji wa Linux wakiongezeka, wenye gemu watalazimika kuhesabu wateja wanaowafungia mlango. Mimi naamini hivyo, na kila mashine ninayoipiga Mint hapa Majengo naihesabu humo.

Ah, umeme umekatika. Betri ipo, wifi imezima. Steam inauliza niendelee bila mtandao, nabofya ndiyo. Gemu inaendelea, mnaiona. Mapambano mawili kabla betri haijaisha. Dogo, weka kamera mezani, shika pedi ya pili.