Hiyo "Grafiki GB 4" Imetoka Wapi?

AMINA: Habari za saa hizi, wasikilizaji. Tuko Wandegeya, hapa Kampala, madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia boda zinapita mtuvumilie. Kaka Okello, kabla hujakaa vizuri, kuna kijana ametuandikia kutoka Arua. Ana laki tisa, anatafuta laptopu ya kusomea, kuangalia YouTube na kucheza gemu kidogo jioni. Ametajiwa mashine tatu. Ya kwanza, muuzaji ameandika kwenye tangazo "grafiki GB 4".

OKELLO: [anacheka] GB 4! Dada, hizo GB 4 niliwahi kuzinunua mimi.

AMINA: Wewe?

OKELLO: Mimi huyu huyu. Ndiyo nilikuwa naanza kuhariri video za kwanjula, zile sherehe za Waganda za kumtambulisha mchumba. Nikaingia duka moja mjini, jamaa akafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inatumia nini, akanionyesha kwa kidole: "Bosi, soma mwenyewe, 3.9." Nikasoma, nikalipa. Kufika nyumbani, video ya wageni wakishusha vikapu vya zawadi inakwama-kwama kama taksi kwenye mashimo.

AMINA: Na namba aliyokuonyesha ilikuwepo kweli.

OKELLO: Ilikuwepo! Ndiyo maana sikuwa na pa kwenda kulalamika. Sikilizeni: grafiki ndiyo sehemu inayochora picha kwenye skrini, na ya ndani, hii inayokaa pamoja na prosesa, ubongo wa kompyuta, kwenye chipu moja, haina kumbukumbu yake. Inakula sahani moja na prosesa, kwenye ramu ile ile, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Windows inairuhusu kuchota hadi karibu nusu ya ramu. Yangu ilikuwa na GB 8, ikaandika karibu 4. Ongeza ramu ifike GB 16, itaandika karibu 8, na chipu haijabadilika hata chembe.

AMINA: Haya, tumtajie kijana mashine zake. Ya kwanza HP EliteBook 840 G3, prosesa ya Intel kizazi cha sita, grafiki HD 520. Ya pili EliteBook 745 G5, Ryzen 5 2500U ya AMD, grafiki Vega 8. Ya tatu ni mpya kabisa, iko kwenye boksi, Celeron N4020 na ramu GB 4.

OKELLO: Hiyo ya boksi irudi kwenye boksi.

AMINA: Usimharakishe mtoto wa watu. Harufu ya upya nayo inauza.

OKELLO: Inauza, lakini hebu tuhesabu. HD 520 ina vitengo 24 vya kuchakata picha. Grafiki ya hiyo Celeron, UHD 600, ina 12, tena vinaenda kwa mwendo wa chini. Kwa hiyo mashine ya mwaka 2016 iliyotoka ofisi ya watu inaishinda mpya kwa mbali. Na hizo GB 4, mara nyingi kwenye laptopu za bei hiyo ramu imechomelewa kwenye bodi. Huongezi.

AMINA: Ila nitaitetea kidogo. Video inacheza vizuri. Kwenye chipu ya grafiki kuna sehemu maalumu ya kufungua video, na hiyo Celeron inaifungua VP9, kodeki, yaani namna ya kubana video, inayopendwa na YouTube, bila kumsumbua prosesa. HD 520 ilitoka mwaka 2015, VP9 inaifungua nusunusu, kazi nyingi inaangukia prosesa. Feni inalia, betri inashuka. Mimi nilikuwa nayo. Umeme ukikatika nusu saa ya video naiona kwenye betri.

OKELLO: Si kuna dawa yake? Ile nyongeza ya kivinjari, h264ify. Inailazimisha YouTube ikutumie H.264, kodeki ya zamani zaidi, na hiyo HD 520 inaimeza bila shida.

AMINA: Ipo, na ndiyo niliyotumia. Lakini kizazi cha saba, HD 620, hakihitaji dawa. Watu wanadhani kutoka 520 kwenda 620 gemu zitaruka. Haziruki, tofauti ni ndogo sana. Kilichobadilika ni video: VP9 kamili, na kodeki ya H.265 ya biti 10, ambayo baadhi ya simu siku hizi zinarekodi. Wewe wa kwanjula ungelijua hilo usingelia.

OKELLO: Ningelia kidogo. [wanacheka] Sasa twende kwenye Vega 8, kipenzi changu. Kwa hesabu ya karatasi, nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya UHD 620, grafiki ya Intel kizazi cha nane, sembuse 520. Kijana wa gemu za jioni, hiyo ndiyo yako. Lakini nataka asikie vizuri hapa. Amina, tangazo linasema ramu yake ni ngapi?

AMINA: GB 8. Haijaandikwa kama ni stiki moja au mbili, yaani kipande kimoja cha ramu au viwili.

OKELLO: Basi kila kitu kimelala hapo. Vega 8 ni mpishi mwenye mikono minane anayeletewa maji kwa kikombe. Stiki moja ya DDR4, aina ya ramu ya mashine hizi, ya mwendo wa 2400, inapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Ziwe mbili, inakuwa 38.4. Na bomba hilo wanagawana prosesa na grafiki. Nimewahi kuiona mashine kama hiyo na stiki moja, gemu inakatika. Tukachomeka ya pili, GB 4 tu, chakavu, ya kuokota, ikawa mashine nyingine.

AMINA: Na Intel nayo?

OKELLO: HD 520 inafaidika, lakini siyo hivyo, kwa sababu yenyewe haina njaa kubwa. Sasa nenda kwa hizi mpya uone kituko. Iris Xe ya Intel, iliyoanza mwaka 2020, ikiwa na ramu ya njia moja, yaani stiki moja, inaandika jina "UHD Graphics". Stika nje inasema Iris Xe, Windows ndani inasema UHD. Watu wanadhani wametapeliwa chipu. Ongeza stiki, jina linarudi.

AMINA: Majina haya! Dada mmoja wa Nasser Road, anayechapa kadi za harusi, alinionyesha laptopu yake mpya ya Ryzen 5, anajisifu. Nikaangalia: 7520U. Grafiki yake Radeon 610M, ina vitengo viwili. Vega 8 ya zamani ina vinane.

OKELLO: Vya 610M ni vya kisasa zaidi, kimoja kwa kimoja vina nguvu.

AMINA: Ndiyo, lakini viwili havimfikii mwenye vinane. Kwa kadi zake inamtosha. Nilinyamaza, sikutaka kumharibia siku.

OKELLO: Ulifanya vizuri.

AMINA: Kuna jambo la Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye orodha rasmi ya Windows 11, Intel kwa ujumla inaanza kizazi cha nane. 840 G3 haimo. Ryzen 2500U nayo haimo, inaanza ile ya 3500U.

OKELLO: Na Celeron?

AMINA: Imo.

OKELLO: Ile ya boksi ndiyo imepita! Banange.

AMINA: Kwa hiyo kijana akichukua moja ya hizo mbili, aweke Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, au abaki na Windows 10 akijua masasisho hayo yamekwisha. Au abembeleze muuzaji amtafutie 840 G5, UHD 620, kizazi cha nane. Gemu atapoteza kidogo, lakini ana video safi na Windows 11 bila ujanja.

OKELLO: Mimi bado ni Vega.

AMINA: Najua.

OKELLO: Lakini ramu nayo siyo mwisho. Prosesa na grafiki za hizo EliteBook zinagawana wati 15 hivi. Laptopu imekaa miaka kwenye vumbi letu hili jekundu, feni imeziba, krimu ya kupitisha joto imekauka. Inapata joto, inajipunguza mwendo yenyewe. Unailaumu grafiki kumbe ni uchafu. Aombe iwashwe, acheze video dakika ishirini, ashike chini kwa kiganja.

AMINA: Na Task Manager aifungue mwenyewe. Asiende kwenye ukurasa wa GPU, yaani wa grafiki, alikopelekwa Okello. Aende kwenye ukurasa wa kumbukumbu, aone nafasi ngapi za ramu zimetumika. Ikiandika 1 kati ya 2, aombe punguzo la kununulia stiki.

OKELLO: Akikataa?

AMINA: Aombe bisibisi.

OKELLO: [anacheka] Ssebo wa Arua, umesikia. Utuandikie ni nafasi ngapi umekuta. Amina, rolex, ile chapati ya mayai, ya pale chini bado wanakaanga, au tumechelewa?

AMINA: Bado nasikia harufu. Zima maikrofoni kwanza.